Kinanda Kilichonyamaza

Jioni moja, tukiwa tumemaliza mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa sauti ya tatu alitoa simu yake tutazame video. Mpiga piano aliyevaa suti nyeusi anaingia jukwaani, anainamisha kichwa mbele ya watu, anaketi, anashusha kifuniko cha piano, kisha anatulia. Hapigi kitu. Anakaa hivyo dakika nne na sekunde thelathini na tatu, akiinua na kushusha kile kifuniko mara chache tu, halafu anasimama na watu wanampigia makofi. Wanakwaya walicheka hadi wakashika mbavu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Mwalimu, kumbe hata mimi ni mpiga piano, nilikuwa sijijui tu." Nami nikacheka pamoja nao.

Nilipofika nyumbani kicheko kile hakikukaa vizuri moyoni. Sisi ni watu tunaoalikwa kila Jumapili tutulie mbele za Bwana. Baada ya sekunde tano mtu anakohoa, mwingine anapekua kitabu cha nyimbo, na mpiga kinanda anaanza kuijaza nafasi ile taratibu, kwa sababu kimya kinatutia aibu. Nikajiuliza: yule mtu jukwaani aliweza nini ambacho sisi hatukiwezi? Nikaanza kusoma habari za kipande kile, na habari hizo zikanizungusha mbali kisha zikanirudisha hapa hapa Unguja, mpaka Mkunazini. Naomba ndugu msomaji unifuate katika safari hiyo.

Jioni ya Agosti 1952

Kipande kile kilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1952, karibu na mji mdogo wa Woodstock katika jimbo la New York, Marekani. Ukumbi unaitwa Maverick. Ni jengo la mbao lililo katikati ya miti, na upande wake wa nyuma uko wazi kuelekea msituni. Mpiga piano alikuwa David Tudor, kijana wa miaka 26. Huyu hakuwa mchekeshaji. Kazi ya muziki aliianza akiwa mpiga ogani kanisani, na watunzi wa siku zake walimtegemea kwa vipande vigumu ambavyo wapigaji wengi hawakuthubutu kuvigusa. Jioni ile alikaa peke yake mbele ya piano na kupiga kazi mpya za watunzi wa wakati huo: Christian Wolff, Morton Feldman, Earle Brown, Pierre Boulez wa Ufaransa, na John Cage. Mwishoni kabisa alipiga kipande cha Henry Cowell, cha mwaka 1925, ambacho mpigaji hagusi vibonyezo. Anaingiza mikono ndani ya piano na kuzikwaruza nyuzi zenyewe hadi zinalia kama mtu aliyefiwa.

Kabla ya kipande hicho cha mwisho ndipo ilipofika zamu ya kazi mpya ya Cage, ile ya kimya. Ilikuwa na sehemu tatu: ya kwanza sekunde 30, ya pili dakika 2 na sekunde 23, ya tatu dakika 1 na sekunde 40. Tudor alikuwa na saa ya kuhesabia sekunde. Sehemu ilipoanza alifunga kifuniko, ilipokwisha alikifungua. Cage alisimulia baadaye kwamba katika sehemu ya kwanza upepo ulisikika nje. Katika ya pili matone ya mvua yalianza kugonga paa. Katika ya tatu watu wenyewe ndio waliosikika, wakinong'ona na wengine wakiinuka kuondoka. Wengi walikasirika. Waliona wamedhihakiwa.

Cage alizaliwa Los Angeles mwaka 1912. Babu yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, na Cage mwenyewe alipokuwa kijana alidhani naye atakuwa mhubiri. Haikuwa hivyo. Alipokua hakuwa mtu wa kanisa, na mafundisho yaliyomvuta zaidi yalitoka katika dini ya Budha. Nayasema haya wazi ili mtu asije akadhani namtangaza Cage kuwa mtakatifu wetu. Lakini jambo moja lililompata linatuhusu. Mwaka 1951 aliingia katika chumba maalumu cha Chuo Kikuu cha Harvard, chumba kilichojengwa ili sauti yoyote imezwe na kuta. Alitazamia kusikia kimya kitupu. Badala yake alisikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito, na akaambiwa kwamba hizo ni sauti za mwili wake mwenyewe: mishipa ya fahamu na damu inayozunguka. Akatoka na neno moja: maadamu mtu yu hai, kimya kitupu hakipo. Daima kipo cha kusikiwa. Kinachokosekana ni msikilizaji.

Kabla ya hapo, mwaka 1940 mjini Seattle, Cage aliombwa muziki wa kumchezea Syvilla Fort, mchezaji ngoma Mmarekani mweusi. Ukumbi ulikuwa mdogo, hakukuwa na mahali pa kuweka ngoma na matoazi. Ilikuwepo piano tu. Basi Cage akapachika vitu kama skrubu na bolti katikati ya nyuzi za piano, na piano ikaacha kulia kama piano. Ikalia kama ngoma, kengele na vyungu. Watu wa Ulaya na Marekani waliiona hiyo kuwa ajabu. Mgogo wa Dodoma asingeshangaa sana. Ilimba yake tangu zamani hufungwa vikorokoro vya kuifanya ivume na kutetema, kwa maana kwa sikio la Mgogo sauti iliyo safi mno ni sauti yenye upungufu. Lililoitwa jaribio Seattle lilikuwa desturi ya kale katika bara letu.

Neno letu "kinanda"

Hapo ndipo nilipoanza kuliangalia upya neno tunalolitumia kila Jumapili. Sisi husema kinanda, na tunaona sanduku lenye vibonyezo vyeupe na vyeusi. Lakini wazee wa pwani walikuwa na kinanda kabla ya piano yoyote kushushwa bandarini. Kilikuwa chombo cha nyuzi, kinachopakatwa na kuchezwa kwa vidole. Wamisionari walipoleta chombo kinachopata pumzi kwa kukanyagwa na miguu, watu wakakiita kinanda. Piano ilipofika ikaitwa kinanda. Hata mashine ya santuri ikapewa jina hilo hilo. Tukiisoma Zaburi ya 150 kwa Kiswahili, Mungu anasifiwa kwa kinanda pia. Neno moja limewakaribisha wageni wengi, na kila mgeni akakaa mpaka akawa mwenyeji.

Kisiwa chenyewe kimefanya vivyo hivyo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 habari za masanduku ya muziki kutoka Ulaya yaliyochezwa nyumbani kwa baba yake. Masimulizi ya Unguja yanasema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze muziki wa huko. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na inaendelea hadi leo. Udi na kanuni vilitoka Uarabuni na Misri, fidla na akordioni Ulaya, na leo nani atamwambia Mzanzibari kwamba taarabu si yake? Mwaka 2002 kilianzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa katika jengo la forodha ya zamani pale Mizingani, na humo vijana wamefundishwa udi, kanuni, ngoma na piano chini ya paa moja.

Piano katika hewa ya bahari ni mgonjwa wa kudumu. Nyuzi zake ni za chuma, zaidi ya 200, zimevutwa kwa nguvu ya tani nyingi, na chumvi inazila. Mbao zinavimba masika na kusinyaa kaskazi ikivuma. Piano ya Mji Mkongwe haiwezi kulia kama ile ya London, hata akija fundi kila mwezi. Imeshika tabia ya mahali ilipo. Nadhani hata sisi wenyewe imani yetu iko hivyo: ilikuja kwa meli, ikapigwa na hewa yetu, na sasa inalia kwa sauti yetu.

Kwa hiyo sisi wa Unguja hatuna haki ya kuikataa sauti kwa sababu tu ni ngeni. Kinanda cha mabomba cha Mkunazini kilikuwa kigeni masikioni mwa waumini wa kwanza kama bolti za Cage zilivyo kwetu.

Mahali ambapo hawakusikilizwa

Tunafika sasa Mkunazini penyewe. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, na pamoja naye alikuja Edward Steere. Wakati huo Mkunazini palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, kwa shinikizo la Uingereza, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Krismasi ya mwaka huo huo, tarehe 25 Desemba 1873, liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo mahali pale pale. Steere, aliyekuwa askofu baada ya Tozer, ndiye aliyeusimamia ujenzi. Mapokeo yanasema altare iko mahali uliposimama mti waliochapiwa watumwa. Steere alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare hiyo.

Tujaribu kidogo kuyasikia yaliyosikika hapo kabla ya kanisa. Soko lina kelele. Mnadi alinadi bei. Wanunuzi walibishana kwa lugha nyingi. Watu wote waliokuwa pale walikuwa na la kusema, isipokuwa wale waliokuwa wakiuzwa. Wao walitazamwa meno, walipimwa mikono, waliambiwa watembee na kurudi. Hakuna aliyewauliza jina. Tunazo hesabu za wafanyabiashara, tunazo barua za mabalozi, tunazo ripoti za manahodha. Sauti zao wale tunazo chache mno.

Steere alikuwa mtu aliyejua kukaa na kusikiliza. Mwaka 1870 alichapisha hadithi za Kiswahili alizozikusanya kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, na kazi zake za lugha ziliwasaidia waliotafsiri Biblia baada yake. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo historia inatutaka tuseme na upande wa pili. Watoto waliookolewa katika majahazi na kulelewa na misheni walitoka kwa Wayao, Wanyasa na watu wengine wengi wa bara. Walifundishwa tenzi za Uingereza kwa tuni za Uingereza, na wakaziimba vizuri. Nyimbo walizoimbiwa na mama zao hazikuingia katika kitabu cha nyimbo.

Kuna na zaidi ya hilo. Mkataba wa 1873 ulifunga soko. Haukuufuta utumwa wenyewe. Ndani ya nyumba na katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba utumwa ulibaki halali hadi mwaka 1897, na masuria walingoja mpaka 1909. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi kengele ya kanisa ililia katika mji ambamo, mitaa michache tu kutoka altareni, watu walikuwa bado mali ya watu. Wapo waliopiga kelele juu ya jambo hilo, na wapo walionyamaza. Kwa hiyo ninaposifu kimya inanipasa niwe mwangalifu. Kipo kimya cha kusikiliza, na kipo kimya cha kuficha. Kwa nje vinafanana kabisa.

Nimpe nafasi hapa mtu mmoja ambaye hakuwa wa kanisa letu, lakini bila yeye simulizi hii ina pengo. Karibu na mwaka 1880 kijijini Fumba, kusini mwa Unguja, alizaliwa mtoto wa kike kwa wazazi waliokuwa watumwa. Akaitwa Mtumwa. Alipokua alifinyanga vyungu na kuviuza akitembea, akinadi kwa sauti ambayo watu walitoka milangoni kuisikiliza. Akahamia mjini, akafundishwa kuimba, akapewa jina la Siti. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay na sauti yake ikatiwa katika santuri, nyimbo za Kiswahili zikauzwa pwani nzima. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Kutoka kufungwa kwa soko mpaka santuri ile ni miaka 55 tu. Mtoto aliyeitwa Mtumwa alisikilizwa, na kwa yeye mmoja tunaweza kupima hasara ya wale maelfu ambao hatukuwasikia.

Vinubi juu ya miti

Biblia inavijua vyombo vya muziki vilivyonyamazishwa. Katika Zaburi ya 137, watu wa Sayuni waliochukuliwa mateka wanaketi kando ya mito ya Babeli, wametundika vinubi vyao kwenye miti. Waliowateka wanawataka waimbe wafurahishe. Wanakataa. Kinubi kilichotundikwa pale hakipigwi, lakini ndicho chombo kinachosema kwa nguvu kuliko vyote katika Zaburi nzima. Mwanakwaya yeyote wa Unguja angepaswa kuisoma Zaburi hiyo akiwa amesimama Mkunazini.

Nabii Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, alipita katika upepo mkali, tetemeko na moto kabla ya kumtambua Bwana katika sauti ndogo kabisa. Na katika Ufunuo 8:1, muhuri wa saba unapofunguliwa, mbingu iliyokuwa imejaa nyimbo inanyamaza muda wa kama nusu saa. Nusu saa! Sisi dakika moja inatushinda.

Mtu aweza kusema: haya ni ya Biblia, lakini muziki ule wa majaribio ni wa watu wasioamini. Si kweli kwa wote. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen alikuwa Mkatoliki aliyepiga ogani katika kanisa la Utatu Mtakatifu jijini Paris tangu 1931 hadi kufariki kwake mwaka 1992. Katika vita vya pili vya dunia alikuwa mfungwa wa Wajerumani huko Görlitz, na tarehe 15 Januari 1941, ndani ya kambi, katika baridi kali, yeye na wafungwa wenzake watatu waliwapigia wafungwa muziki wake juu ya mwisho wa nyakati, naye akiwa kwenye piano mbovu ya kambi. Alipokwisha kuachiliwa alitunga kazi ya piano peke yake iitwayo Mitazamo Ishirini juu ya Mtoto Yesu. Yvonne Loriod aliipiga yote kwa mara ya kwanza jijini Paris tarehe 26 Machi 1945, vita ikiwa bado haijakwisha. Ni muziki wa karibu saa mbili, mgumu na mgeni, wenye milio ya ndege na ya kengele, na wapo waandishi wa magazeti walioushambulia.

Katika kazi hiyo kila kipande ni jicho linalomtazama Mtoto aliye horini: Baba anamtazama, nyota inamtazama, Bikira anamtazama, malaika wanamtazama, msalaba unamtazama. Na kipande cha kumi na saba ni mtazamo wa kimya. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Muumini yule, aliyejua baridi ya kambi, alikihesabu kimya miongoni mwa wanaomsujudia Kristo, sawa na malaika na nyota.

Dakika nne

Basi siku moja ya kazi, alasiri, nilikwenda Mkunazini. Nje, katika ua, nilipita kwenye mnara wa ukumbusho uliochongwa na Clara Sörnäs wa Uswidi: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Nikaingia kanisani, nikakaa benchi la nyuma, nikatazama saa.

Njiwa walikuwa juu, karibu na dirisha. Feni ilikwaruza kila ilipozunguka. Nje kijana wa kutembeza watalii alikuwa akieleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi, kwamba hapa waliuzwa watu. Mtoto akalia. Kengele ya baiskeli ikapita. Halafu, kutoka msikiti wa jirani, adhana ya alasiri ikaanza, na wa pili ukafuata, na wa tatu, kila mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Nikasikia na moyo wangu mwenyewe ukidunda masikioni, kama Cage alivyosema.

Bibi mmoja aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo akanisogelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unamsubiri padri?"

"Hapana, bibi. Nasikiliza tu."

"Unasikiliza nini, na kinanda hakipigwi?"

Nikashindwa kumjibu. Akaketi benchi la mbele yangu, akaweka vitabu mapajani. Baada ya muda, bila kugeuka, akasema, "Bibi yangu mimi alizaliwa Mbweni." Mbweni, kama wengi wetu tujuavyo, ndiko misheni ilikowapa makao watu waliokombolewa. "Ijumaa Kuu hakuna kinanda, unajua. Sisi watoto tulichoka. Tukamwuliza, bibi, mbona leo hakipigwi? Akatuambia, leo kinyamaze, tuwasikilize na wao."

"Wao nani, bibi?"

Akaonyesha kwa kidevu kuelekea mbele, kwenye altare. Kisha akainuka, akaendelea na vitabu vyake.

Nimekwisha kusoma mengi juu ya onesho lile la 1952, na sijaona maelezo yake yaliyo mazuri kuliko ya yule mama wa Mbweni, ambaye bila shaka hakuwahi kulisikia. Desturi ya kunyamazisha kinanda siku ya Ijumaa Kuu ni ya kale, kwa ajili ya mauti ya Bwana. Yeye aliipokea, na ndani yake akaweka nafasi kwa watu wake. Aliamini kwamba Yeye aliyenyamaza mbele ya Pilato anakaa upande wa wale walionyamazishwa sokoni, na kwamba anayemsikiliza Yeye hawezi kuacha kuwasikia wao.

Niliporudi kwenye kwaya niliwaomba wanakwaya tukae dakika nne na nusu kabla ya mazoezi. Siku ya kwanza walicheka tena. Wawili walitoka nje kupokea simu na hawakurudi. Mzee mmoja wa besi aliniambia waziwazi kwamba nyumba ya Mungu si mahali pa majaribio ya Wazungu, na maneno yake siyadharau. Mtu ana haki ya kulinda kilichomlea. Nikamjibu kwamba simtaki ampende Cage. Hata mimi, nikichagua cha kusikiliza nyumbani, nachagua taarabu na nyimbo za Pasaka. Namwomba ajaribu tu kukaa. Akakaa, kwa heshima.

Wiki ya tatu hakuna aliyecheka. Tulisikia muadhini, tukasikia pikipiki, tukasikia mtu akipumua kwa shida, na tukagundua ni yule mama wa sauti ya kwanza, aliyetuchekesha siku ile ya video. Mazoezi yalipokwisha wenzake walimzunguka kumwuliza. Alikuwa na mgonjwa nyumbani mwezi mzima, na hakuna kati yetu aliyejua. Tuliimba naye kila wiki, sauti nne, bila kumsikia. Jioni ile ile tulikwenda kwake.

Tunakaa hivyo hadi leo. Yule kijana wa simu ndiye mshika saa, na mzee wa besi ndiye anayefunga mlango ili watu wasiingie na kutoka. Ijumaa Kuu ijayo, kinanda kitakapokuwa kimefungwa, tumekubaliana tutasafiri pamoja hadi Mkunazini, tukae kwenye mabenchi ya nyuma, tuwasikilize na wao.